Mkanda Uliolia Miezi Minne: Kisa cha Starlet Iliyokwama Kitonga

Gari ni Toyota Starlet, toleo la EP91, injini 4E-FE ya lita 1.3. Mwenyewe ni mama mmoja, muuguzi mstaafu wa hapa Morogoro, mtu anayejua tarehe ya kila oili aliyomwaga. Mwezi wa Mei gari hilo lilikwama katikati ya mlima Kitonga, njia ya kwenda Iringa, linachemsha, pampu ya maji imekufa. Lakini kisa hakikuanzia Kitonga. Kilianza Januari, na mimi nimo ndani yake, kwa sababu Februari gari lile lilipita mikononi mwangu nikaukaza mkanda ambao haukuwa umelegea.

Nakiandika kwa mafundi wenzangu, hasa vijana wanaoanza, na kwa wenye magari wanaoingia gereji na hukumu tayari mdomoni: "Fundi, mkanda unalia, nikazie."

Mkanda huu unabeba nini

Kwenye injini hii mkanda wa alternata unatoka puli ya krenki (ekseli kuu ya injini), unapita puli ya pampu ya maji, unaizungusha alternata na kurudi. Mtaani tumezoea kuuita feni belti, jina lililobaki tangu enzi za magari ambayo mkanda huo huo ulizungusha na feni ya rejeta. Kwa Starlet feni ni ya umeme. Kwa hiyo mkanda ukikatika hapa unapoteza vitu viwili kwa mpigo: chaji ya betri, na mzunguko wa maji ya kupoza injini. La kwanza unaweza kuendesha nalo mpaka betri iishe. La pili halikupi hata dakika kumi kwenye mlima.

Ni mkanda wa mbavu, umeandikwa 4PK, yaani mbavu nne, kisha unafuata urefu wake kwa milimita. Kutoka ubavu hadi ubavu ni milimita 3.56. Namba hiyo ikae kichwani, itatusaidia huko mbele.

Mkanda haushiki puli kwa meno. Unashika kwa msuguano tu, na msuguano unatokana na mambo mawili: umevutwa kiasi gani, na umeizunguka puli kiasi gani. Alternata ina puli ndogo, na mkanda unaizunguka kwa sehemu fupi. Ndiyo maana mkanda ukilegea, hapo ndipo unapoteleza kwanza. Na alternata si mzigo mdogo kama wengi wanavyodhani. Ikitoa ampea 50 kwa volti 14 hizo ni wati 700 zinazotoka, na kwa kuwa nguvu nyingine inapotea kama joto, mkanda unalazimika kuiletea zaidi ya kilowati moja. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, mkanda unakwenda polepole, na kazi ile ile kwa mwendo mdogo inataka mvuto mkubwa. Hii ndiyo sababu mkanda uliolegea kweli hulia asubuhi: betri imetoka kutoa umeme wa kuwashia, alternata inahangaika kuurudisha, na injini bado iko chini. Unalia kwa mlio mrefu, kwiiii, kisha unanyamaza betri ikishiba. Ukiwasha taa kubwa, unaanza tena.

Mlio wa Starlet ya mama haukuwa huo.

Januari na Februari

Januari alternata yake ilikufa. Gereji moja, si yangu, ikamfungia nyingine ya mtumba pamoja na mkanda mpya. Taa ya betri ikazimika, akalipa, akaondoka. Kwa busara yake aliomba apewe alternata ya zamani. Walimwekea kwenye kiroba, akaisukumia ndani ya buti, akaisahau humo.

Wiki mbili baadaye mlio ukaanza. Alikuja kwangu asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisikilizie hii kitu. Inalia kama nimefuga vifaranga humu ndani."

Vifaranga. Alilitaja neno lenyewe kabla sijafungua boneti, na mimi nikalipita. Ulikuwa mlio mfupi mfupi, chwi, chwi, chwi, unaokwenda na mzunguko wa injini: ukikanyaga mafuta unaharakisha, ukiachia unapungua. Haukubadilika gari likiwa la baridi wala likiwa limepata moto.

Nilifanya mambo mawili siku ile, na yote mawili yalinipa jibu sahihi. Niliweka testa kwenye betri nikawasha taa kubwa, feni ya ndani na hita ya kioo cha nyuma. Ikasoma volti 14.1, haikuyumba. Halafu nikabonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya krenki na alternata, nikaona unabonyea kama sentimita moja. Sawasawa kabisa.

Sasa tafakari. Mkanda unaoteleza hauwezi kushikilia volti 14.1 ukiwa umebebeshwa mzigo wote ule. Ungekuwa unateleza, volti zingeshuka hadi 13 au chini yake na taa zingefifia. Testa ilikuwa inaniambia mkanda umeshika. Kidole nacho kikasema hivyo hivyo. Lakini mteja amesimama pembeni, mlio bado upo, na mkono wangu umeshashika spana ya 12. Nikalegeza bolti ya chini ya alternata, nikalegeza ya kufungia juu, nikavuta kidogo, nikakaza. Mlio ukapungua. Akanipa shilingi 5,000, nikamwambia, "Tayari mama, ulikuwa umelegea."

Sentensi hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo, kwa sababu nilijua si kweli. Nilikuwa nimepima.

Mlio ulipungua kwa nini, kama mkanda haukuwa umelegea? Mkanda wowote ukivutwa zaidi unakandamizwa ndani ya mifereji ya puli na mtikisiko wake unapungua, kwa hiyo hata mlio usiotokana na ulegevu unashuka kwa muda. Mtego ni huo. Tiba isiyo yake inatoa nafuu ya wiki kadhaa, na mteja anarudi akiamini ugonjwa ni ule ule ila dawa haikutosha.

Aprili

Mama hakurudi kwangu. Mwishoni mwa Aprili, akijiandaa na safari ya Njombe kwenye harusi ya mpwa wake, aliingia gereji ya jirani na kwake. Huko nako walimkazia. Bolti ndogo ya kuvutia mkanda ilikuwa imekufa nyuzi, basi wakaitoa kabisa, wakachomeka mtaimbo mfupi kati ya injini na alternata, mmoja akaegemea kwa uzito wa mwili na mwenzake akakaza. Hayo alinihadithia mpwa wake mwingine, kijana aliyekuwa dereva wa safari hiyo, maana alikuwepo.

Mlio ukaisha kabisa. Wote wakafurahi.

Ngoja nieleze kilichotokea ndani ya pampu siku ile. Pampu ya maji ina ekseli inayozunguka juu ya beringi, na nyuma ya beringi kuna sili inayozuia maji. Mkanda unaivuta ekseli hiyo upande muda wote injini inapozunguka. Uhai wa beringi ya gololi haushuki sambamba na mzigo. Kanuni ya watengenezaji wa beringi inasema unashuka kwa mzigo ukizidishwa wenyewe mara tatu. Ongeza mzigo mara mbili, uhai unabaki thumuni, sehemu moja kati ya nane. Beringi iliyobakiza kilomita 40,000 inabakiza 5,000. Na hiyo ni beringi nzima. Ile ya gari la mwaka 1997, ambayo hakuna anayejua ilibadilishwa lini, haina akiba hiyo.

Ndiyo maana siwaelewi mafundi wanaosema "bora umekaza sana kuliko umelegea." Mkanda uliolegea unapiga kelele, unawasha taa ya betri, unakuita. Uliokazwa kupita kiasi uko kimya, unaimaliza beringi ya pampu na ya mbele ya alternata bila kukuambia kitu.

Kitonga

Kutoka Morogoro hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Walisimama Mikumi kunywa chai. Kijana akaona matone chini ya gari, upande wa mkanda, akadhani ni maji ya AC. Maji ya AC hayana rangi. Haya yalikuwa mekundu kidogo, rangi ya kulenti, maji ya kupozea injini. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo kilichoachwa kwa makusudi: sili ikianza kushindwa, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Tone jekundu kutoka kitundu kile ni pampu inayoomba kubadilishwa. Simlaumu, si fundi, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Waliokwea Kitonga wanaujua. Ukishaiacha Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kujikunja ukutani mwa mlima, malori yanapanda kwa gia ya kwanza, na wewe nyuma yake huna pa kupita. Injini inafanya kazi kubwa kwa mwendo wa kutembea, upepo wa mbele hakuna, feni ya umeme haizimi, alternata inalishwa mzigo wake wote. Pampu yenye beringi iliyolegea ilikuwa inamwaga maji hapo muda mrefu. Mshale wa joto ukapanda, ukapita nusu.

Hapa kijana alifanya jambo lililookoa injini. Mshale ulipofika robo tatu alisimama kwenye upana wa kwanza alioupata, akazima, akaweka matawi barabarani nyuma ya gari, akanipigia simu. Nikamwambia asiguse kifuniko cha rejeta hadi aweze kuweka kiganja juu yake bila kuungua. Angeng'ang'ania kufika juu, leo ningekuwa naandika kisa cha silinda hedi iliyoharibika kwa joto.

Pikapu moja iliwaburuta hadi Ilula. Mama aliendelea na basi, harusi haisubiri. Mimi usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri nilipanda basi la Iringa na pampu, mkanda mpya, sili, kulenti na boksi la spana.

Nilichokikuta

Kabla ya kufungua chochote niliupima mkanda, safari hii kwa vipimo badala ya kidole. Vitabu vya Toyota hupima kwa kuusukuma au kuuvuta mkanda kwa nguvu ya kilo 10 katikati ya puli mbili na kusoma umebonyea milimita ngapi. Kila injini ina namba yake, lakini magari madogo mengi huangukia kati ya milimita 7 na 12, mkanda mpya ukiwa upande wa namba ndogo. Nilikuwa na rula ya chuma. Nilichokosa ni kilo 10. Ilula ni mji wa nyanya na vitunguu, mizani ya ndoano haikosekani. Niliazima moja kwa muuza vitunguu, nikainasa ndoano kwenye mkanda kwa kipande cha kamba, nikalaza chuma kilichonyooka juu ya puli zote mbili kiwe mstari wa kupimia, nikavuta hadi kilo 10.

Milimita 5. Na hapo beringi ya pampu ilikuwa imekwisha, puli inacheza mkononi, maana yake sehemu ya mvuto ilikuwa imeshapotea. Kwa hesabu ya haraka, ukivuta kwa nguvu ile ile na mkanda ukabonyea nusu ya inavyotakiwa, mvuto ndani yake ni kama mara mbili. Nilitamani kujua ulikuwa kiasi gani siku ya mtaimbo.

Kisha nikautoa mkanda na kuugeuza. Ulikuwa na miezi minne tu. Katikati hapakuwa na ufa hata mmoja, na hilo lisikudanganye: mikanda ya zamani ya neoprini ilikuwa inapasuka ukaona, lakini mikanda ya sasa ya mpira wa EPDM inaisha kama tairi, inapungua kina bila kupasuka. Nilichokiona kilikuwa pembeni. Ukingo mmoja ulikuwa umechanika, nyuzi zinaning'inia. Kila ubavu ulikuwa unang'aa upande mmoja na umefifia upande wa pili. Mkanda wa namna hiyo umekuwa ukiingia kwenye puli kwa kiubavuubavu.

Nikakumbuka vifaranga.

Maji ya kunyunyiza

Pampu ilichukua saa tatu. Nikafunga mkanda mpya, nikaurekebisha kwa mizani mpaka milimita 8, nikajaza kulenti, nikatoa hewa, nikawasha. Kijana akanitazama. Chwi, chwi, chwi. Mkanda mpya, pampu mpya, mvuto wa kitabuni, na mlio uko pale pale.

Nikachukua chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko na kunyunyiza kidogo upande wa mbavu, injini ikiwa sailensa, mkono ukiwa mbali. Jaribio hili halina gharama na ndilo nililopaswa kulifanya Februari. Ukinyunyiza maji na mlio ukazidi kuwa mkali, mkanda unateleza: umelegea, au una oili, au puli imelika. Ukinyunyiza na mlio ukanyamaza kidogo kisha ukarudi ule ule, mkanda hautelezi, puli hazikai kwenye mstari mmoja. Maji yamelainisha msuguano wa ubavu kwa sekunde chache tu.

Ulinyamaza. Nikahesabu hadi nane. Ukarudi.

Nikazima injini na kulaza chuma kilichonyooka kwenye uso wa puli ya krenki kuelekea ya alternata. Kwenye mifereji kulikuwa na tofauti ya milimita 3. Kumbuka ubavu hadi ubavu ni 3.56, yaani puli ilikuwa imetoka nje karibu ubavu mzima. Mkanda wa mbavu unavumilia mpindo wa takriban theluthi moja ya digrii. Kwa puli zilizo umbali wa milimita 250 hiyo ni milimita moja na nusu. Tulikuwa mara mbili ya hapo.

Alternata ya Januari ilitoka kwenye injini nyingine. Masikio yake ya bolti yanaingia vizuri, plagi ya umeme inaingia, inachaji barabara. Puli yake tu imekaa mbele zaidi. Aliyeifunga aliona mkanda umepita kwenye mifereji minne akaridhika.

Nikaanza kufikiria kuweka washa za bolti ili kuisogeza nyuma, na haikuwezekana, sikio halina nafasi. Nikawaza kuagiza puli Dar. Ndipo nikamuuliza kijana, bila matumaini, kama wanajua ilipo alternata ya zamani. Akafungua buti, akanyanyua zulia, akatoa kiroba.

Puli ya ile ya zamani ilikuwa na mifereji ile ile, tundu lile lile, na ilikaa ndani zaidi. Nati ya puli ya alternata haifunguki kwa spana ya mkono ukiwa huna pa kuizuia ekseli, kwa hiyo tulizipeleka zote mbili kwa fundi wa matairi na mashine yake ya upepo. Dakika tano. Nikarudisha alternata, nikalaza chuma tena: kiligusa puli zote bila mwanga kupita katikati.

Nikawasha. Nilisikia feni, nilisikia tapeti, nilisikia malori barabarani. Mkanda sikuusikia. Nikawasha taa zote: volti 14.2.

Jinsi ya kurekebisha, kwa anayetaka kufanya mwenyewe

Sitaki kuigeuza hii kuwa kitabu cha mafunzo, lakini yako mambo yanayoharibu kazi kila siku gereji, niyaseme.

Zima injini, toa ufunguo, na kama feni ni ya umeme chomoa waya hasi wa betri. Feni hiyo inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa ya moto, na vidole havioti tena. Legeza bolti kubwa ya chini ambayo alternata inazungukia, pamoja na ile ya kufungia. Wengi wanalegeza ya juu tu halafu wanashangaa bolti ya kuvutia ni ngumu. Wanailazimisha, nyuzi zinakufa, na mtaimbo unaanzia hapo. Bolti ya kuvutia inagharimu kidogo sana ukilinganisha na pampu. Ile ya mama niliipata dukani Iringa mjini kesho yake. Ikibidi kabisa utumie chuma kusukumia, egemeza kwenye sikio la mbele la alternata, kamwe usiegemeze kwenye ganda la nyuma, ni aluminiamu na linavunjika.

Ukishapata mvuto unaotakiwa, kaza ya kufungia kwanza, halafu ya chini, kisha pima tena, kwa sababu kukaza bolti kunauhamisha mkanda. Mkanda mpya ukishazunguka dakika tano tu, kwa vitabu vya Toyota unahesabiwa umetumika na unapimwa kwa kipimo kingine cha ulegevu zaidi. Mbavu zinakaa mahali pake na mvuto unashuka kidogo. Kwa hiyo usiukaze upya kwa kipimo cha mkanda mpya eti "umelegea tena." Zungusha injini, pima, endesha siku chache, pima tena.

Sabuni ya mche, mshumaa, grisi: vyote nimeviona vikipakwa kwenye mkanda ili unyamaze. Unanyamaza kweli. Na ule mshiko uliobaki unaondoka nao, na atakayefuata kuutafuta ugonjwa hasikii chochote cha kumwongoza. Kama mkanda umelowa oili au maji ya pawa stelingi, ziba kinachovuja, safisha puli, badilisha mkanda, maana mpira ulionyonya oili haurudi.

Ukikosa mizani, unao mlio. Ukiupiga mkanda kwa kidole kama uzi wa gitaa unatetemeka kwa sauti, na simu yenye programu ya kusoma masafa ya sauti inakupa namba. Mvuto unakwenda kwa masafa yakizidishwa yenyewe mara mbili: sauti ikipanda mara mbili, mvuto umepanda mara nne. Mimi huandika namba ya kila gari nililolifunga vizuri, likirudi nalinganisha. Gereji yenye kelele haikupi nafasi hiyo, fanya asubuhi.

Baada ya safari

Kijana alisubiri injini ipoe, tukaangalia rejeta kama kuna mapovu na kijiti cha oili kama kuna weupe. Hakuna. Hedi ilipona. Alifika Njombe jioni ya pili, harusi imeshapita.

Wiki mbili baadaye Starlet ilirudi Morogoro na mama akalileta mwenyewe. Nilipima kwa kilo 10: milimita 11, kipimo cha mkanda uliotumika. Kingo za mkanda safi pande zote, mbavu zinang'aa sawa. Chini ya pampu pakavu. Nilimweleza yote, kuanzia volti 14.1 ya Februari, na nikamwambia siku ile sikumwambia kweli. Nikampa shilingi 5,000 zake.

Aliikunja noti akaiweka kwenye pochi, akauliza swali moja tu: ile alternata ya zamani, sasa haina puli, aitupe au aiache kwenye buti?

Nikamwambia tuifungie puli ya ile nyingine na kuibandika karatasi yenye tarehe na maelezo, ili fundi atakayeiona kesho asije akaichukua puli hiyo akaipachika kwenye injini yake.